Zege la Mzee Hamira

Mume wangu alipostaafu, bekari ilimwambia achague kitu cha kuondoka nacho kama kumbukumbu. Wenzake waliomtangulia walichagua saa za ukutani na mablanketi. Yeye akachagua mapipa mawili ya plastiki ya bluu, yale ya kuwekea shira ya mikate mitamu, pamoja na mwiko wa mbao uliokuwa mrefu kuliko mimi. Nilipoona vinateremshwa garini nikamwuliza kama amepanga kufungua bekari chumbani kwetu.

"Mama watoto, pipa ni pipa," akasema. "Siku maji yakikatika utanishukuru."

Pipa moja nililisugua siku ile ile nikalifanya la maji ya jikoni. La pili lilikuwa na shira iliyogandia chini, nene kama kidole. Nikamwambia alioshe mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyelitaka. Akasema shira imeshakauka, haina ubaya, akalipindua mdomo chini nyuma ya nyumba. Likakaa huko.

Mtaani wanamwita Mzee Hamira. Ameoka mikate miaka thelathini na moja, na kuanzia viwiko kushuka mikono yake haina hata unywele mmoja, tanuri liliumaliza zamani. Lakini jina hakulipata kwa sababu ya mikate tu. Alilipata kwa sababu kila jambo kwake ni la kusubiri. Ukimletea ugomvi wa majirani, atakwambia, "Liache liumuke." Ukimwuliza tupake nyumba rangi gani, liache liumuke. Mimi ni mtu wa moto. Nikikasirika saa hii nataka tumalize saa hii, kila mtu aende na lake. Kuishi na mtu wa kusubiri kunaweza kukufanya uongee na sufuria, na mimi nimeongea na sufuria nyingi.

Miezi yake ya kwanza ya kustaafu nusura itushinde. Alizoea kuamka kabla ya jogoo, na sasa akiamka hakuwa na pa kwenda, basi akaligeuza jiko langu kuwa ofisi. Alipanga makopo yangu kwa ukubwa. Alinifundisha kukanda unga, mimi niliyemlisha tangu hajaota mvi. Nikaomba apate kazi, yoyote, hata ya kuhesabu nzi. Kazi ilipopatikana, ilitoka kwa mama yangu.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka mingi sana, na hadi leo wanaume wenye vitambi wakiisikia sauti yake wanachomekea mashati. Kila mtu humwita Mwalimu. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru polepole, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia. Tangu baba afariki anaishi peke yake katika nyumba ambayo anaijua kila pembe, na hakutaka kusikia habari ya kuhama.

Alikuja kwetu mara moja, kipindi cha mvua. Choo na bafu letu viko uani, upande wa pili, na ua wetu ni udongo wa mfinyanzi. Ikinyesha, hata kuku hutembea kwa tahadhari. Nilimshika mama mkono, tukateleza wawili, mimi nikimshikilia yeye na yeye akinishikilia mimi, mpaka tukafika. Akaingia. Mimi nikabaki nje nimeushika mlango.

"Umesimama hapo?" akauliza kutoka ndani.

"Nipo, mama."

"Basi siwezi."

Nikasogea mbali hatua mbili. Akajua bado nipo. Nikasogea tena, lakini ningemwachaje kwenye tope lile? Tukarudi ndani vilevile tulivyotoka. Baadaye nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, analia bila sauti. Sikuwahi kumwona mama yangu akilia, hata siku tuliyomzika baba. Kesho yake akaomba arudishwe kwake, na nikamrudisha huku moyo umenijaa aibu ambayo sikujua niipeleke wapi.

Mwaka huu akaungua mkono kwenye jiko. Hakuniambia, niliambiwa na jirani yake. Nikampigia simu, nikasema maneno mengi, mengine ya ukali. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akasema. "Nitakuja siku saba. Nikiweza kwenda msalani peke yangu, nikafunga komeo kwa mkono wangu, nitakaa. Nikishikwa mkono hata mara moja, mtanirudisha, na mazungumzo haya tuyafunge. Mimi si mzigo wa kupokezana."

Nikaiweka simu mezani, nikamweleza mume wangu. Nikajua analiacha liumuke. Halafu akainuka, akatoka uani, akaanza kupima kwa miguu: kutoka mlango wa jikoni moja kwa moja hatua tisa, mpaka karibu na karo la kufulia, kisha kulia hatua tatu mpaka mlango wa choo.

"Kumi na mbili tu," akasema. "Nitamjengea njia ya zege. Wiki mbili."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mwashi. Tunamwita Timazi, kwa kuwa hawezi kuuona ukuta, hata wa nyumba yenye msiba, bila kufumba jicho moja aukague kama umenyooka. Aliposikia habari hiyo akaja na kujitolea. Siku mbili, alisema, na asingetaka zaidi ya chakula cha mchana. Mume wangu akamshukuru, akakataa.

"Nimekanda unga miaka thelathini na moja," akamwambia. "Sementi ni unga. Mchanga ni unga. Maji ni maji."

"Na hamira utatia saa ngapi?" Timazi akauliza.

Tukacheka, hata mume wangu mwenyewe. Lakini nilimwona machoni kuwa hatanii. Aliitaka kazi ile. Toka ameiacha bekari hakuna mtu aliyekuwa amemngoja kwa lolote, na sasa kulikuwa na mtu anayemngoja. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila asije akanipigia kelele kwamba mgongo unamwuma. Kelele za mgongo zilianza siku ya pili.

Alichimba mfereji wa upana wa mita moja na kina cha kiganja na nusu. Akaujaza kifusi, matofali yaliyovunjika na mawe madogo, akayashindilia kwa kigogo mpaka madirisha yakatikisika. Akasimamisha mbao pande zote mbili, akazifunga kwa vigingi, upande wa mbali na nyumba akaushusha kidogo ili maji ya mvua yasikimbilie jikoni kwangu. Hapo nilimsifu. Sikumsifu aliponiondolea kamba ya kuanikia nguo bila kuniuliza.

Zege la kwanza lilikuwa kichekesho. Vipimo alivipatia kuliko mwashi yeyote: ndoo moja ya sementi, mbili za mchanga, tatu za kokoto, na kila ndoo aliikwangua mdomo kwa rula kama vile anapima unga wa oda ya shule. Akachanganya kwa ule mwiko wake wa bekari. Tatizo likawa maji. Mkono wake ulizoea donge laini, linalovutika, basi akaongeza, akaongeza.

Timazi akachungulia juu ya ukuta. "Mzee Hamira, hiyo ni supu. Zege likilewa maji linakuwa dhaifu. Finyanga kwa mkono. Likishika bila kutiririka, hapo hapo."

Mume wangu akafinyanga, kisha akafikiri. "Kumbe ni donge la biskuti," akasema. "Si la mkate." Tangu hapo hakukosea tena maji.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hakuhitaji kufundishwa. Kila baada ya mita moja alichora mstari wa kukata, zege likiwa bado bichi. Timazi alimwuliza nani amemwambia afanye hivyo.

"Mkate usipouchanja kabla ya kuingia tanurini, utajipasukia unapotaka wenyewe," akajibu. "Afadhali uuonyeshe pa kupasukia."

Baadaye Timazi aliniambia, "Shemeji, hilo nimewaimbia vibarua wangu miaka kumi, hawalielewi." Na kufunika pia. Wengine humwaga zege wakaliacha juani likauke, na wakiona nyufa wanalaumu kiwanda. Yeye alilifunika kwa magunia yaliyoloa, akayamwagia maji asubuhi na jioni, akayainua kidogo pembeni kuchungulia, vilevile alivyokuwa akiinua kitambaa juu ya beseni la unga. Nilianza kumwonea fahari. Sikumwambia, asije akarudi kupanga makopo.

Alilolitaka kuliko yote ni usawa. Alisawazisha juu kwa ubao, akapitisha ufagio laini ili pasiteleze, akapima tena. Alisema mama hatajikwaa hata kwenye unene wa unywele. Vile vipande vikatoka sawasawa, kama mikate ya bati moja. Kila aliyepita alivisifu, na mimi nikavisifu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kufumba macho na kujaribu kutembea.

Kona aliiacha mwisho, kwa kuwa mbao za kona zilimsumbua kuzipinda. Ilipofika Alhamisi vipande kumi na kimoja vilikuwa vimeshakaza, kikabaki hicho kimoja, mbele kabisa ya karo. Mama alikuwa afike Jumamosi. Siku mbili zinatosha kipande kimoja kukanyagika.

Alhamisi hiyo maji ya bomba yakakatika. Pipa langu la jikoni lilikuwa nusu, nikamwambia nitaumana na yeyote atakayeligusa. Akatabasamu, akanipeleka nyuma ya nyumba. Jumatano kulipoanza kutanda mawingu alikuwa amelisimamisha lile pipa la pili chini ya paa, na sasa lilikuwa limejaa maji ya mvua, yenye rangi hafifu ya chai.

"Vumbi la bati tu," akasema. "Nilikwambia utanishukuru."

Nikamshukuru. Akachanganya, akamwaga, akasawazisha, akafunika. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyemaliza oda.

Ijumaa asubuhi akainua gunia pale kwenye kona, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. Akasema ni baridi ya alfajiri. Saa nne akabonyeza tena. Saa sita mchana jua lilikuwa limesimama utosini, na zege lilikuwa vilevile, uji mzito wa kijivu.

"Liache liumuke," nikamwambia.

Nilikusudia utani. Aliniangalia kwa namna ambayo nilitamani niyarudishe maneno yale kinywani. Nikaenda kumwita Timazi mwenyewe.

Timazi akaja na mwiko wake, akachoma, akanusa. Sementi? Ile ile ya mfuko ule ule. Mchanga? Ule ule. Maji? Mume wangu akamwonyesha pipa kwa kidevu. Timazi akalizunguka, kisha akatuita. Kutoka chini ya ukuta hadi mdomoni mwa pipa, sisimizi walikuwa wamepanga mstari mmoja ulionyooka, wengine wanapanda, wengine wanashuka wameshiba. Timazi akachovya kidole, akalamba.

"Mzee Hamira," akasema taratibu, "umepika shira."

Akatueleza. Sukari ni adui wa sementi. Kiasi cha ngumi moja tu kwenye mchanganyiko kinaweza kulifanya zege likae bichi siku nzima, siku mbili, na ikizidi haligandi kabisa. Mafundi wa zege hawaruhusu hata chai ya kibarua ikae karibu na maji ya kazi. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akageuza ndoo, akaikalia. Miaka thelathini na moja alitia sukari kwenye vitu ili viwe vizuri. Niliona anatafuta mahali pa kuweka mikono yake na hapati.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Timazi akasema. "Kesho alfajiri naleta sementi na maji safi. Tunaing'oa kona, tunamwaga upya. Mwalimu akifika, mtamvusha kwa mkono, siku moja tu."

"Hata mara moja," nikasema. "Alisema hata mara moja."

Nikampigia mama nimwombe aje wiki ijayo. Simu ikaita bila jibu. Nikapiga tena. Nilikuwa napiga mara ya nne nilipousikia mlio wa simu ya mama getini kwetu. Jirani yake mwenye teksi alikuwa na safari ya upande huu siku hiyo, na mama akaona heri aje leo kuliko kesho. Alikuwa amesimama pale na begi dogo na fimbo yake nyeupe, bendeji mkononi.

"Mbona unanipigia na niko mlangoni?" akaniuliza.

Nikamkaribisha, nikamketisha. Sijawahi kumnyima mama yangu chai maishani mwangu, lakini siku ile nilimmiminia nusu kikombe.

"Jaza, mwanangu," akasema baada ya kunywa funda moja. "Macho ndiyo yamekufa. Ulimi bado."

Nikajaza. Akanywa, akaomba kingine. Nikamwomba anisubiri kidogo, nikachomoka uani kupitia mlango wa jikoni. Mume wangu na Timazi walikuwa kando ya ukuta, wameshika ubao, wanabishana kwa sauti ya chini kama utafaa kuwa daraja. Mmoja alisema utayumba, mwingine akasema utaegemezwa kwa matofali. Nikaingilia, tukawa watatu wa kubishana. Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka na mama akatoka, fimbo mbele.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulikuwa tayari wazi. Mume wangu akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akatikisa kichwa. Nilimchukia kwa muda ule mfupi, nasema ukweli. Lakini ningesema nini? Nikimwita, nimemshika mkono kwa sauti. Nikinyamaza, anakwenda kuzama. Nikanyamaza, na ni mojawapo ya mara chache ambazo nimewahi kumsikiliza mume wangu.

Mama akaikuta njia kwa ncha ya fimbo. Akagonga ukingo wa kushoto, akagonga wa kulia, akaanza kwenda. Hatua mbili za kwanza zilikuwa za mtu anayejaribu. Ya tatu ikawa ya mtu aliyeamini. Mgongo ukanyooka, shingo ikanyooka, na akatembea vile alivyokuwa akitembea kati ya madawati nilipokuwa mtoto. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alizidi kuongeza mwendo, na mbele yake, moja kwa moja, kulikuwa na karo la zege, ukingo wake juu kidogo ya magoti. Hapo ndipo nilipoiona hatari yake kwa mara ya kwanza.

Fimbo ikazama.

Akasimama. Akaichomoa, akachoma tena pembeni, akachoma mbele, akachoma kulia, mpaka alipoisikia inagonga kitu kigumu. Akainama, akagusa kwa vidole, akavisugua. Halafu akavua ndala, akaziweka kwapani, akakunja gauni. Mguu wa kushoto ukaingia kwenye ule uji mzito. Wa kulia ukafuata, ukigeukia upande wa choo. Hatua ya tatu akawa amekanyaga pagumu. Akavaa ndala zake. Vipande vitatu, akagusa mlango, akaingia, akafunga.

Tukalisikia komeo likiingia mahali pake.

Timazi aligeuka akautazama ukuta wake. Mimi sikuona aibu, nililia hapo hapo. Mume wangu alikuwa bado amenishika mkono.

Mama alipotoka alisimama mlangoni, akatega sikio.

"Mko watatu hapo," akasema. "Nani huyo anayepumua kama cherehani?"

"Ni mimi, Mwalimu," Timazi akajibu, akachomekea shati.

Akarudi kwa njia ile ile, ndala kwapani, na nikamketisha kwenye kibaraza kumwosha miguu upesi, kwa kuwa sementi mbichi hula ngozi. Nilitumia maji yangu ya jikoni, yote yaliyohitajika, bila kinyongo. Akamwita mkwewe asogee.

"Mkwe wangu, njia umeijenga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni wewe uliyefikiria kuweka kitu laini pale kwenye kona?"

Mume wangu akaniangalia. Ingekuwa mimi, nisingekuwa na haraka ya kukataa sifa kama hiyo. Yeye akakohoa.

"Hapana, mama. Lile ni kosa. Nilichanganya zege kwa maji ya pipa la shira. Sukari imelizuia kukaza."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwaga maji ya beseni, mpaka akashika nguzo ya kibaraza, na nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu baba akiwa hai.

"Sasa nisikilizeni," akasema alipotulia. "Njia hii ni nzuri mno. Ni nzuri hadi haisemi kitu. Kila mahali pako sawa. Nimehesabu tisa mlizoniambia kwenye simu, lakini mguu wangu si wa mwokaji, na kufikia sita sikujua tena niko wapi. Fimbo ilikuwa inateleza tu. Pasingekuwa na huo uji wenu wa sukari, ningekwenda kuvunja magoti kwenye kitu gani kile, kiko mbele pale, kinanuka sabuni?"

"Karo," nikasema.

"Kwenye karo."

Tukalitazama karo, wenye macho watatu.

Timazi ndiye aliyemgeukia mama. Akasema asihofu, kesho alfajiri anaing'oa kona yote na kuimwaga upya, safi.

"Utaimwagaje?"

"Iwe sawa na hizi nyingine, Mwalimu."

"Basi kaa nyumbani kwako kesho."

Akaenda nyumbani kwake. Ila alimwonya mume wangu kwamba kama sukari ni nyingi, lile halitakaza milele, na hapo hakuna ubishi, litang'olewa. Jioni ile ile tukalifunika. Mama alilivuka kwa ubao uliolazwa juu ya matofali, ambao alilazimika kuutafuta kwa fimbo, na aliutafuta. Jumapili kidole cha mume wangu kiliacha alama ndogo tu. Jumatatu Timazi akaja na nyundo, akagonga mara tatu, ikajibu kama jiwe. Kona ilikuwa imekaza pamoja na kila kilichokuwa ndani yake: matundu ya fimbo, na nyayo za mama, zile za kwenda na zile za kurudi, kina cha kidole kimoja.

Sikumwuliza mama chochote juma lile. Kwa mtu wa moto, hiyo ni kazi ngumu kuliko kumwaga zege. Nilimsikia akitoka, nikasikia fimbo ikiteleza, kisha ikikwaruza kwenye matundu, kisha kimya kidogo cha kugeuka, kisha komeo. Hakukosea hata mara moja, na hakuna aliyemshika mkono. Lakini mama yangu ni mtu wa kufaulu mtihani vizuri halafu akakataa cheti, kwa hiyo sikuthubutu kufurahi.

Siku ya saba asubuhi tulikuwa jikoni, mimi na mume wangu, tunaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Mama akarudi kutoka msalani, akasimama mlangoni.

"Leo ni siku ya saba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mkwe, gari la kunirudisha umeshaagiza?"

"Bado, mama," mume wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Agiza. Likaniletee kitanda changu, maana hiki chenu kinapiga kelele kuliko wanafunzi. Na kiti changu cha mikono. Makopo yangu ya jikoni liyaache huko huko, nasikia hapa kuna mtu asiyeona kopo bila kulipanga."

Akaipapasa meza, akaketi, akaomba chai. Nilimmiminia mpaka ikamwagikia kwenye kisahani. Nilikuwa na furaha ya kunitosha mimi na ukoo mzima. Nilipogeuka nimwangalie mume wangu, hakuwepo.

Nikamfuata uani. Nilimkuta juu ya njia yake, viatu mkononi, macho ameyafumba, anatembea. Alikwenda polepole, akiburuza nyayo, mpaka vidole vyake vikaikuta kona. Akasimama. Akautafuta unyayo wa mama kwa mguu wake, akauingia, ingawa haukumtosha. Akageuka kulia. Vipande vitatu, akapapasa mlango, akaingia chooni, akafunga komeo.

Nilisimama karibu na karo. Kisha nikamsikia akipenga kamasi, mara moja, na mara ya pili.

"Umesimama hapo?" akauliza kutoka ndani.

Nikarudi jikoni bila kumjibu.